Hotipoti ya Mtani

Kambini, nyuma ya Chanika
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Mwamvita,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Lulu, mgongo umeacha kukusumbua, na mihogo yako ya kukaanga inakwisha kabla mechi haijaanza kama zamani. Kama uko kwenye karai, tafadhali epua kwanza, nawa mikono, kaa chini. Nami ni mzima. Nimekonda kidogo, ila ni kwa kukimbia, si kwa njaa. Tangu nihamishiwe jikoni, mie na njaa tumekosana.

Shuleni tulifundishwa kwamba salamu zikiisha mtu aseme dhumuni la barua. La kwangu nimeliweka chini kabisa, maana nikilisema hapa hutafika mwisho. Nivumilie. Mengine nitakayoeleza unayajua vizuri, lakini nataka uyaone kutoka upande niliosimama mimi.

Maisha ya huku ni yaleyale. Saa kumi na moja alfajiri filimbi inalia, na kabla akili haijarudi kichwani uko nje unakimbia mchakamchaka kwenye udongo mwekundu, unaimba maneno ambayo hata huyasikii. Tukirudi ni maji ya ndoo, chai ya rangi, kisha ukaguzi wa vitanda. Sajenti Khalfani anapitisha kidole juu ya shuka. Akikuta mkunjo, godoro linarushwa nje na mwenye godoro analifuata. Halafu kwata. Halafu bunduki, kuifungua na kuisafisha na kuirudisha, macho yakiwa yamefungwa kitambaa. Mchana tunafundishwa kubeba majeruhi, basi tunabebana mgongoni mpaka kwenye uzio, na akina mama wanaotoka kulima mihogo husimama pale kutucheka. Vita yenyewe iko mbali, ng'ambo ya mpaka, lakini hapa haipiti saa bila kutajwa. Ukichelewa kufunga kamba ya buti, Khalfani anakwambia kule ungekuwa umeshakufa na mwenzako mmoja.

Unakumbuka nilivyoitaka safari ile ya kuvuka mpaka. Wewe ndiye uliyenifanya niitake. Mama alipofariki nikiwa darasa la nne, uliacha shule ukakaa kwenye karai ili mie nisiache. Nilipomaliza kidato cha nne nikawa nashinda kijiweni, ulikuwa ukinimwagia maji ya baridi alfajiri na kunifukuza nikakimbie mpaka Mbande na kurudi, ukisema hufugi jogoo asiyewika. Siku nilipokula kiapo ulipiga vigelegele mpaka jirani yetu Bi Munira akadhani umechumbiwa. Na jina langu liliposomwa kwenye kundi la kuvuka mpaka, watu mia na ishirini kati ya mia nne, uliniandikia kwamba mama angekuwa hai siku hiyo angevaa kanga mpya. Barua hiyo niliiweka mfuko wa kifuani. Imefuliwa pamoja na shati mara mbili na bado inasomeka.

Sasa nije kwa Alfonsi. Ni Mnyamwezi wa Tabora, kitanda chake juu, changu chini. Siku tulipoulizana makabila alichukua ndala zangu bila kuomba akaenda nazo kuoga, na aliporudi akanitangazia mbele za watu kwamba Mzaramo havai kiatu mtani wake akiwa peku. Nikamjibu kwamba babu yake aliwabebea babu zangu mizigo hadi Bagamoyo na sijasikia kama ameshaitua, kwa hiyo ashike na begi langu. Basi tukawa pete na kidole. Anakula nyama kwenye sahani yangu, nacheka. Nafunga kamba za buti zake pamoja, anaanguka, anacheka. Wiki moja kabla ya yale nitakayoyasema alificha mkanda wangu, akanirudishia wakati filimbi ya paredi iko tayari mdomoni mwa sajenti. Utani huo ulinifundisha wewe mwenyewe, kwenye msiba wa babu, pale yule Mnyamwezi wa Mbagala alipojilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mie nililia nikidhani ni mwendawazimu. Ulinishika bega ukaniambia mtani hakasirikiwi, na mtani hashtakiwi, hata akufanyie nini. Nilikuwa na miaka sita na sikusahau.

Ikafika Jumapili ya wageni, ile ya mwisho kabla ya safari. Ulikuja umevaa baibui jipya, Lulu mkononi, na hotipoti mbili kwenye kapu: nyekundu yangu, ya bluu ya Alfonsi. Ulikuwa umepika pilau, na nilipofunua niligundua kwamba firigisi, ambayo nimeila mie tangu utotoni, iko kwenye ile ya bluu. Nililalamika, ukasema mtani ni mgeni na mie ni mwenye nyumba. Alfonsi aliona raha mpaka akasahau kutukana. Saa za kuondoka zilipofika ulimwambia akubebee kapu hadi getini, kwa kuwa kubeba ni kazi ya ukoo wao, na watu wote pale chini ya turubai wakacheka. Mie nilibaki na Lulu mabegani. Niliwaona mmesimama karibu na kibanda cha mlinzi muda mrefu, wewe unaongea, yeye kainamisha kichwa. Nilijua unamwomba anitazame huko tuendako. Moyo ulinijaa, dada. Nilimwambia Lulu kwamba mama yake hana mfano.

Alhamisi yake kulikuwa na ukaguzi wa mwisho. Alikuja mkubwa kutoka makao makuu, na kila mtu alitandaza vifaa vyake chini, mbele ya miguu, kwa mpangilio mmoja. Miongoni mwa vifaa hivyo kuna magazini, kile kisanduku cha chuma kinachobeba risasi na kuchomekwa kwenye bunduki. Kila mtu ana tatu. Jumatano asubuhi nilizihesabu, zikawa tatu. Alhamisi zilikuwa mbili.

Kitu cha kwanza nilichofanya, nilicheka. Najua unashangaa. Nilicheka kwa sababu nilimjua mwizi. Nikageuza jicho kwa Alfonsi, mtu wa tatu kutoka kwangu, nikingoja aninyooshee kisirisiri kama alivyofanya na ule mkanda. Yeye alikuwa anatazama mbele tu na jasho linamtiririka hadi kidevuni. Nikasema moyoni, leo mtani kanogewa, anataka nijikojolee kwanza. Mkubwa akanifikia. Akauliza ya tatu iko wapi. Nikasema ipo, afande. Akauliza ipo wapi. Nikasema ipo tu, afande, inakuja, na nadhani bado nilikuwa na kicheko usoni, maana nilimsikia Khalfani nyuma yangu akivuta pumzi.

Haikuja. Niliulizwa kama kuna mtu nimempa au kama kuna mtu aliyeichukua. Neno moja lingetosha. Nililipata hilo neno, likafika hadi kwenye meno, nikalimeza, kwa sababu mtani hashtakiwi. Jina langu lilifutwa pale pale, mbele ya kikosi kizima, na nikapelekwa mahabusu siku kumi na nne. Kundi lina watu wa akiba, kwa ajili ya anayeugua au kuvunjika. Wa kwanza wa akiba akaitwa, akasogea mbele, akasimama juu ya alama za buti zangu.

Siku ya pili Alfonsi alikuja dirishani mahabusu. Nilimwuliza kwa kunong'ona kaiweka wapi, utani umeshafika mwisho sasa. Akaapa kwa mama yake kwamba haijui. Nikamwamini, dada, na sababu zangu zilikuwa nzuri: mtani akiiba husema, ndiyo raha yenyewe. Mtani anayeficha milele huyo si mtani, ni mwizi, na Alfonsi hakuwa mwizi. Jumamosi Koplo Herieth, mkuu wa jiko letu, alipokuwa anapima maharage akaikuta magazini chini ya gunia. Jumatano mie na Alfonsi wote tulikuwa na zamu ya kuchambua maharage, ila aliyepotelewa ni mie, basi ikaandikwa kwamba niliidondosha kwa uzembe. Nilikaa mle ndani nikajaribu kukumbuka nilivyoinama, nilivyovaa, mfuko gani ulikuwa wazi. Kufikia siku ya kumi nilishaanza kukumbuka mlio wake ikiangukia kwenye maharage. Mtu akiambiwa sana kwamba ni mzembe, hata masikio yanamtungia ushahidi.

Barua yako ilinifikia huko huko mahabusu Jumamosi hiyo. Uliniambia nisihuzunike kwa kubaki, kwamba aliyenyimwa na Mungu hakuonewa, na kwamba kila safari ina wakati wake. Nililia juu ya ile karatasi. Tarehe uliyoandika juu ilikuwa ya Jumatano, na mie nilifutwa Alhamisi. Niliona, nikasema dada na tarehe hawajawahi kupatana, kama alivyosherehekea siku ya kuzaliwa ya Lulu wiki nzima kabla.

Yule wa akiba aliitwa Praygod, kijana wa Machame, mpole kupita kiasi, alikuwa na pasi ya mkaa iliyokuwa ya baba yake na akiwapigia nguo pasi watu wote hangani, kwenye bweni letu, bila kuchoka. Siku ya kuondoka, mie nimeshatoka mahabusu na kuhamishiwa jikoni, alinifuata huko nikiwa nakoroga uji. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba radhi kwa kuchukua nafasi yangu, kana kwamba kaninyang'anya. Akaniachia ile pasi niitunze hadi arudi. Nilimwambia aende kwa amani. Nilikuwa namwonea wivu, ila nilimwambia hivyo.

Mwezi wa pili tangu waondoke habari zikaja. Gari la doria lilishambuliwa barabarani, wakafa wawili. Mmoja wao ni Praygod. Kwenye magari tunakaa kwa namba, dada. Yeye alipewa namba yangu, sabini na tatu, na kiti cha sabini na tatu.

Hilo sikukuandikia. Niliona litakutisha bure. Siku ile ulipoandika kwamba siku hizi unalala vizuri kuliko miaka yote, nilifurahi kwamba angalau mmoja wetu analala.

Baada ya mazishi kule kwao, alikuja dada yake kuchukua tranka. Anaitwa Gladness, ni fundi cherehani, anakaa Tandika. Nilitumwa mie nimsindikize hangani na nimbebee. Alikaa kwenye kitanda cha mdogo wake, akakipapasa, akauliza shuka lilikuwa linatandikwa na nani. Nikamwambia alilitandika mwenyewe, vizuri kuliko sisi wote. Kisha akaniuliza jina langu. Nilipomtajia akanishika bega, akaniambia Praygod aliwaandikia kuhusu mie: kwamba kuna kaka mmoja, Talha, aliyemwachia nafasi. Akanishukuru. Mama wa watu, kavaa nguo nyeusi, ananishukuru. Nilibeba tranka hadi getini, na nilipolitua pale kwenye kibanda cha mlinzi sikuweza kunyoosha mgongo. Pasi nilisahau kumpa. Iko hapa chini ya meza ninayoandikia.

Jumapili iliyopita Alfonsi alirudi, mkono mmoja umefungwa bendeji, kaja kupumzika mwezi mmoja. Alikuja moja kwa moja jikoni, akakaa juu ya gunia la maharage, akafungua begi lake akatoa hotipoti yako ya bluu. Aliibeba akaenda nayo na akarudi nayo. Akasema hawezi kuendelea kukaa nayo.

Ndipo akanieleza. Akasema siku ile getini ulimshika kifundo cha mkono ukakataa kumwachia. Ulimwambia kwamba ulimzika mama na humziki tena uliyemlisha kwa mkono wako. Ulimwambia atafute njia yoyote, mie nibaki, na nisijue. Alipokataa, ulimwambia mtani haombwi mara mbili. Akakuahidi, na Jumatano kwenye zamu ya maharage akaichomoa magazini yangu akaificha chini ya gunia. Alidhani nitapewa karipio na kusogezwa kundi linalofuata, basi. Hakujua kutakuwa na mahabusu, na alipoiona mahabusu aliogopa kusema. Kwenye ile doria yeye alikuwa gari la nyuma. Aliona kiti changu. Alilia pale juu ya gunia kama mtoto, na Koplo Herieth akatoka nje akajifanya anaosha sufuria ambalo lilikuwa safi.

Sikumpiga, na sikwenda kumshtaki kwa mkubwa yeyote. Mtani hashtakiwi. Lakini wewe, dada, si mtani wangu. Wewe ni dada yangu, na umenisaliti.

Nimelitafuta neno jingine siku tano, sijaliona. Kama ungenishika mimi kifundo cha mkono getini, ukanililia mimi, ukaniambia Talha usiende, wallahi nisingekwenda. Ningekwenda kwa sajenti nikajitoa mwenyewe, ningechekwa, ningebaki. Mbele yangu ulipiga vigelegele, na nyuma yangu ukapika pilau. Uliniacha niamini kwamba mie ni mzembe nisiyejua kushika hata kipande cha chuma. Uliniandikia pole ya msiba kabla ya msiba. Kila nilipokuandikia kwamba sijielewi, nimewezaje kuidondosha, ulinijibu nimshukuru Mungu. Naikumbuka firigisi ile kwenye hotipoti ya bluu, na hasira inanipanda upya, ya kitoto kabisa, kwa sababu hata hiyo ilikuwa yangu.

Najua ulifanya kwa mapenzi. Usijisumbue kuniandikia hilo. Gladness naye anampenda mdogo wake.

Sasa dhumuni la barua. Kundi jipya linavuka mpaka kujazia waliopungua. Niliomba, Khalfani akanisemea, nikakubaliwa. Koplo Herieth anaanza likizo Jumanne, kwao ni Mbagala, na amekubali kupita Chamazi akupe barua hii mkononi. Sie tunaondoka Jumatatu saa nne asubuhi. Kwa hiyo unaposoma hapa nimeshaondoka jana. Nimekufanyia ulichonifanyia: nimeamua juu yako bila wewe kujua. Sikujisikia mshindi nilipokuwa napanga hivyo, ila nilipanga.

Kuna fomu tunayojaza, ina mstari mmoja wa jina la mtu wa kupelekewa habari. Nilikaa na kalamu mpaka karani akaniuliza kama nimesahau kuandika. Nimeandika Mwamvita, wa Chamazi. Nina hasira nawe ambayo sijui itaisha lini, lakini sina mwingine wa kumwandika.

Nina ombi moja. Koplo Herieth atakupa na ile pasi ya mkaa. Mpelekee Gladness, Tandika, nyuma ya msikiti wa sokoni, ukiuliza fundi Mchaga wa sare za shule utaonyeshwa. Usimpe ukaondoka. Kaa, na umweleze kwamba mie sikumwachia mdogo wake nafasi, na mwambie nani aliyempa. Ukishindwa kwenda peke yako, ningoje, nikirudi tutakwenda wote. Nisiporudi, utamwendea ukiwa sawa naye, na pengine hapo itakuwa rahisi kusema.

Msalimie Bi Munira, mwambie dua zake bado nazihitaji. Mbusu Lulu kichwani, na usimwambie mjomba yuko wapi mpaka aulize mwenyewe. Chunga mgongo, usinyanyue karai peke yako. Nakuombea kheri, na nawe niombee; hilo sijakukataza.

Ni mimi mdogo wako,
Talha

Hotipoti zako zote mbili anazo Herieth. Ulinilea nikijua kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu. Nyekundu nimekutilia maharage. Ya bluu nimeiosha tu.